Majira ya Paris Hayanyeshi Uluguru

Mkulima wa Mgeta anayajua majira yake. Masika huingia Machi na kwisha Mei, vuli huja Oktoba, na katikati yake kuna kipupwe cha Juni na Julai, ambapo ukungu hulala mabondeni hadi jua limepanda na mtu hatoki nje bila sweta. Kwa majira hayo hupanga kabichi yake, karoti yake na maharage yake, na kwa majira hayo watu wa Dar es Salaam hupata mboga. Lakini chini ya milima hiyo hiyo, mjini Morogoro, limezuka kundi la watu wenye kalenda nyingine. Kwao mwaka haugawanywi na mvua. Hugawanywa na rangi. Kuna miezi ya pazia la kijivu na miezi ya pazia la dhahabu. Kuna mwaka wa kochi la kona na mwaka wa kochi lenye vifungo mgongoni. Kuna msimu wa viatu vya soli nene na msimu wa viatu vya ncha. Asiyeifuata kalenda hiyo huambiwa amepitwa na wakati, neno ambalo siku hizi linauma kuliko kuitwa mvivu.

Nia ya makala haya ni kuuliza kalenda hiyo ya pili imeandikwa na nani, inamnufaisha nani, na inalipiwa na nani. Jibu la swali la tatu halihitaji uchunguzi. Anayelipa ni mwalimu, karani, muuguzi na bwana shamba, yaani watu wale wale ambao taifa limewakabidhi kazi ya kuwafundisha wengine namna ya kuishi kwa mipango.

Kwanza tuitazame asili yake. Huko Ulaya majira ni manne, na tofauti zake ni kubwa. Mtu wa Paris aliyevaa kitani mwezi Julai hawezi kukivaa Januari akabaki mzima, na kwa sababu hiyo washonaji wa huko walizoea tangu zamani kuonyesha nguo zao mara mbili kwa mwaka, za joto na za baridi. Hapo hapana lawama. Lawama inaanza pale mfanyabiashara alipogundua kwamba majira yanaweza kuuza nguo hata kama ile ya mwaka jana haijachanika. Tangu hapo hakuuza tena joto wala baridi. Aliuza hofu ya kuonekana mtu wa jana. Kutoka kwenye nguo, hofu hiyo ikahamia nyumbani: rangi ya ukuta, kitambaa cha kochi, foronya, kivuli cha taa. Tangu mwaka 2000 kampuni moja ya Marekani iitwayo Pantone, ambayo kazi yake ni kupanga rangi na kuuza orodha zake, imekuwa ikiutangazia ulimwengu kila mwaka rangi moja kuwa ndiyo rangi ya mwaka. Mtu mzima na akili zake anangoja Desemba aambiwe na kampuni ni rangi gani ataipenda Januari!

Rangi hiyo haikawii kufika kwetu. Huonekana kwenye simu usiku ule ule. Baada ya miezi michache imo katika maduka ya Kariakoo, imeletwa kwa makontena na wafanyabiashara wetu walioifuata Guangzhou. Na kabla masika hayajakwisha imepanda basi, imeshuka Msamvu, na imeanikwa mbele ya maduka ya mji kasoro bahari. Safari yote hiyo, ndugu msomaji, imefanywa na pazia. Mwalimu hakutoka darasani kwake, lakini amekwisha kuwa na deni.

Mitumba nayo hufuata kalenda hiyo hiyo, ila kwa nyuma. Wenzetu wanapobadili majira hufungua makabati yao, na wanachokitupa hufungwa marobota. Ndiyo maana mtu anaweza kukuta makoti mazito yenye manyoya shingoni yakining'inia mnadani Morogoro siku ambayo hata mbuzi wamekimbilia kivulini. Haki yake isemwe: koti hilo likipanda gari likafika gulioni Nyandira, linamfaa sana mkulima wa huko, na kwa bei anayoiweza. Mvaaji wa mitumba kwa kukosa fedha hana kosa lolote, na makala haya hayana ugomvi naye. Ugomvi wetu ni na yule mwenye nguo nzima kabatini na kochi zima sebuleni, ambaye anaviona vimeharibika kwa sababu tu mtu wa mbali amesema vimeharibika. Hiyo ndiyo kasumba yenyewe. Mkoloni alituambia desturi zetu ni za kishenzi. Mrithi wake ameona ni rahisi zaidi kutuambia kwamba sebule zetu ni za mwaka jana.

ZAMANI

Wako watakaosema kwamba haya si mageni na kwamba yalipata kupigwa vita. Ni kweli. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililojulikana kama Operesheni Vijana, ambalo lilipiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Lengo lilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini hata kabla tarehe hiyo haijafika, makundi ya vijana wa kiume yalikwisha kuwavamia wasichana katika vituo vya mabasi vya Dar es Salaam, wakiwavuta na kuwachania nguo, mpaka polisi wakalazimika kuingilia. Magazeti ya wakati ule yalijaa barua. Wengine walishangilia, wengine waliuliza swali ambalo halikupata jibu la kuridhisha: kama suti ya Kizungu inavaliwa ofisini na mwanamume bila kuulizwa, kwa nini utamaduni wa Mwafrika upimwe kwa magoti ya mwanamke?

Swali hilo lilikuwa la haki, na Operesheni ile haikulishinda. Haikushinda mitindo pia. Miaka michache baadaye ikaja bugaluu, ikaja pekosi, vikaja viatu vya raizoni vilivyomfanya mfupi kuwa mrefu na mrefu kuwa mlingoti. Morogoro haukuwa mji wa kubaki nyuma. Mji uliokuwa na Cuban Marimba na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda hadi Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, usingeweza kufundishwa kuvaa na mtu yeyote. Kilichokosewa mwaka 1968 ni kudhani kwamba adui yumo ndani ya sketi. Adui hakuwamo humo. Alikuwa, na bado yupo, katika utaratibu unaomfanya mtu anunue asichohitaji, kwa fedha asizonazo, ili asinyanyapaliwe na jirani ambaye naye ananunua kwa sababu hiyo hiyo.

Wala tusijidanganye kwamba bibi zetu hawakujua mtindo. Kanga yenyewe ni mtindo. Ilipoenea katika mwambao wetu mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakishindania toleo jipya kama watu wanavyoshindania leo. Na mtindo ule ulikuwa na maana nzito. Kabla yake mtumwa alivaa kaniki na merikani, vitambaa vilivyomtangaza kuwa mtumwa. Sheria ya Unguja ya mwaka 1897 ilipoufuta utumwa, mwanamke aliyekuwa mtumwa aliivua kaniki akajifunga kanga yenye maua, na kwa rangi zile akawaambia waliokuwa mabwana zake kwamba mambo yamebadilika. Huo ulikuwa mtindo uliosema jambo. Uluguru nako, kama ilivyo kwa Wazaramo na Wakwere, mwali alipotoka ndani alivikwa kanga mpya na watu wakala na kucheza, na nyumba ilisiribwa upya mavuno yakiisha. Nguo mpya zilikuja na Idd, na Krismasi, na harusi. Yalikuwa majira, lakini yalikuwa majira yetu: yalifuata jambo lililotokea kwetu, mavuno yaliyovunwa, mtoto aliyekua, mfungo uliokwisha. Kochi la kijivu linafuata jambo gani lililotokea Kilakala au Bigwa?

VIWANDA

Tuje kwenye uchumi, maana hapo ndipo penye jeraha. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 taifa liliamua kwamba pamba yetu ifumwe hapa. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina. Kikafuata cha Mwanza, na vingine. Morogoro ilichaguliwa kuwa mji wa viwanda: nguo za Polytex, maturubai, ngozi, viatu. Pamba haikuwa ngeni mkoani. Ilonga, wilayani Kilosa, utafiti wa zao hilo ulifanyika tangu zama za Mwingereza. Kwa makaratasi, mtu wa Morogoro angeweza kuvaa kuanzia kichwani hadi miguuni bila kuvuka mto Wami.

Yaliyotokea tunayajua, na si busara kuyapamba. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuziuza nyingi Ulaya. Hakikupata kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Sababu zilikuwa nyingi: mashine, vipuri, usimamizi, hata jengo lenyewe lisilopitisha hewa katika joto la Morogoro. Lakini moja yatosha kwa makala haya. Kiwanda kile kilitengenezwa kwa ajili ya miguu ya watu wengine. Mwananchi wa Kinole aliyetembea pekupeku akibeba ndizi hakuwamo katika hesabu zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya. Kitambaa kilipatikana kwa foleni, na sabuni ya kukifulia kwa foleni nyingine. Bajeti ya mwaka 1984 ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mitumba ilimiminika, na watu wakaipokea kwa jina la kejeli, "kafa Ulaya". Waliipokea kwa sababu walikuwa uchi, na mtu aliye uchi hahutubiwi kuhusu kujitegemea. Tatizo ni kwamba watu walipokwisha kuvaa, viwanda vilikuwa vimekwisha kudhoofika. Kimoja baada ya kingine vilifungwa au vikauzwa. Polytex iliuzwa kwa mwekezaji, ikapewa jina jingine, na hiyo angalau bado inafuma.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi ifikapo mwaka 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017, serikali hiyo ikatishia kutuondoa katika mpango wa AGOA wa kuuza bidhaa kwake bila ushuru, na nchi zikarudi nyuma isipokuwa Rwanda, ambayo mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Ndugu msomaji, fikiri kidogo. Taifa kubwa kuliko yote kwa utajiri lilikuwa tayari kuadhibu nchi ndogo kwa sababu imekataa kuvaa nguo zake kuukuu. Je, kuna mtu bado anadhani kuwa mambo ya mavazi ni mambo madogo ya wanawake? Na ajabu nyingine: mjini Morogoro penyewe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, pamekuwapo kiwanda ambamo vijana wetu hushona nguo za michezo za kuuzwa Marekani. Mikono ipo. Ustadi upo. Mshonaji anaweza kukidhi kipimo cha mnunuzi wa huko kwa mshono na kwa uzi, kisha Jumamosi akienda mnadani hukuta wateja wakigombea nguo za michezo kutoka kwenye robota.

FUNDI

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni namna kalenda hii ya rangi inavyomuua fundi. Mtazame fundi cherehani anayekaa barazani mwa duka. Mtaji wake ni cherehani moja na jora moja au mawili ya kitambaa. Kuna nguo moja ambayo anaweza kuishona Novemba bila wasiwasi: sare ya shule ya msingi. Shati jeupe na sketi au kaptura ya buluu havibadiliki, na Januari mzazi atakuja tu. Kwa sababu mtindo wake umesimama, fundi anaweza kununua kitambaa kwa jumla, kukata nguo nyingi kwa pamoja, kumwajiri kijana wa kufunga vifungo, na kuuza kwa bei ya haki. Sasa mpe gauni la msimu. Akinunua jora la rangi ya mwaka huu, likabaki nusu, nusu ile imekufa. Mwenye kiwanda cha mbali huwatupia wateja mamilioni mitindo mia akijua kumi itapendwa. Fundi wetu akikosea mtindo mmoja, watoto wake hawali. Kwa hiyo hashoni chochote mpaka mteja alete kitambaa, na mteja akiona fundi hana nguo tayari huenda dukani kwa nguo iliyotoka nje. Halafu tunasema mafundi wetu hawana bidii!

Kwa seremala ni vibaya zaidi. Mninga ni mti wenye heshima, na kila mtu wa makamo mkoani humu anakumbuka kiti cha mninga kilichokaliwa na babu, baba na mjukuu. Lakini mbao za mninga hazina haraka. Zinapaswa kupangwa kwa nafasi kivulini, zipitishwe upepo kwa miezi, zikauke pole pole. Ukizifanyia kazi zikiwa mbichi zinapinda, na kiungo kinaachia. Mteja wa siku hizi amekiona kitanda kwenye simu leo na anakitaka Ijumaa, kwa sababu mwakani kitanda hicho kitakuwa cha kizamani. Seremala afanye nini? Huchukua mbao mbichi, au zile za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, akazifunika kwa sponji na kitambaa kinachong'aa, na ndani ya miaka miwili kochi linalia kama mlango wa ghala. Mteja hulalamika kwamba fundi wa Kitanzania ni tapeli, kisha hununua la nje, ambalo nalo limetengenezwa vivyo hivyo ila gundi yake ni nzuri kidogo. Wakati huo huo mitiki ya Mtibwa na ya bonde la Kilombero, iliyopandwa na kukuzwa humu humu mkoani, sehemu kubwa ya mbao zake huvuka bahari, India ikiwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Huko hawana haraka. Wanajua mtiki ni wa kurithiwa.

MSHAHARA

Sasa tumgeukie mtumishi. Serikali, kwa kumjua binadamu, iliweka kanuni kwamba makato ya mikopo yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuwa ukuta wa mwisho, wa kumzuia mtu asianguke shimoni. Watumishi wangapi leo wameufanya ukuta huo kuwa kiti, wakaukalia mwaka baada ya mwaka? Mkopo uliokopwa kwa ajili ya kiwanja umeishia kwenye dari la jasi na taa za rangi. Aliyekwisha kufika kwenye theluthi hawezi tena kukopa benki, basi huenda kwa wakopeshaji wa mitaani ambao wananchi wenyewe wamewapa jina linalowafaa, kausha damu. Huko riba hailingani na mshahara wowote, na kadi ya benki ya mwalimu huwekwa rehani pamoja na namba yake ya siri. Siku ya mshahara mwenye kadi ni mwingine.

Mwalimu wa namna hiyo akisimama mbele ya darasa kufundisha hesabu za riba, anafundisha kitu anachokijua vizuri mno. Lakini mwili wake tu ndio umo darasani. Akitoka saa nane ana biashara ya vitafunwa, ana ubao wa bodaboda, ana masomo ya ziada anayowatoza watoto wale wale ambao angewafundisha asubuhi. Mshahara wa mwalimu ni mdogo, na wanaoupanga wasijifiche nyuma ya makala haya. Ungekuwa mkubwa kesho, kalenda ya rangi ingeutafuna keshokutwa. Hayo ni mambo mawili, na yote mawili ni kweli.

Kubwa kuliko yote ni sherehe. Kwaresima na Ramadhani zikipita, kadi za michango huanza kumwagika maofisini: kicheni pati, sendofu, harusi yenyewe, na siku hizi hata kuvunja kamati ni sherehe. Mchango peke yake ni mzigo, ingawa una asili njema, maana kuchangiana ni desturi yetu. Kilichoongezwa ni sare. Kamati hutangaza rangi, na kila sherehe ina rangi yake. Mama mmoja mwenye ndugu wengi na wafanyakazi wenzake wengi anaweza kushona magauni manne kati ya Juni na Agosti, kila moja la kuvaliwa usiku mmoja. Kitambaa chenyewe, kikiitwa kitenge, mara nyingi kimechapwa China kwa kuiga mtindo wa Waholanzi, ambao nao tangu mwaka 1846 wameutajirikia kwa kuiga batiki ya Wajava. Tunaitana Waafrika tukiwa tumevaa nakala ya nakala. Ukumbi nao hupambwa kwa rangi ile ile, kwa vitambaa vya kukodi na maua ya plastiki, na mpambaji hulipwa fedha ambazo zingewanunulia maharusi kitanda cha mninga cha kuwafikisha uzeeni. Anayekuja bila sare hukaa nyuma. Tumewahi kukataa matabaka kwa maazimio. Sasa tunayapanga wenyewe ukumbini, kwa viti.

Wanaume wanaosoma hapa wakitikisa kichwa kwa huruma wasiharakishe. Msimu wao unaanza Agosti. Kila mwaka klabu za Uingereza hubadili jezi, na si moja, bali ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu. Na Simba na Yanga nazo zimejifunza, zikatangaza jezi mpya kwa matarumbeta. Bwana mmoja anayemkaripia mkewe kwa sababu ya foronya ana jezi za miaka sita mfululizo za timu ya mji ambao hajapata kuuona, na kila mwaka anaapa kwamba ya safari hii ndiyo yenyewe. Mistari imehamia begani, shingo imekuwa ya mviringo, na fedha zimekwenda.

MLIMANI

Tuinue macho kidogo. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika misitu ya Usambara ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Alilipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina la Saintpaulia. Jamaa za ua hilo zimo pia katika misitu ya Uluguru. Leo ua hilo, kwa rangi zaidi ya zile alizoziumba Mungu, limo katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na limewatajirisha wakulima wa bustani wa huko kwa zaidi ya miaka mia moja. Ni pambo la nyumba lililotoka katika mawe yetu. Sasa ingia katika sebule za Morogoro uhesabu: maua ya plastiki kutoka ng'ambo, yamekaliwa na vumbi, huku dirishani unaiona milima yenyewe. Hata misitu hiyo tunaikata, kama kwamba haina kitu.

Na si ua peke yake. Mkeka wa ukindu, uliosukwa na mama wa Matombo kwa rangi alizozichemsha mwenyewe, unauzwa kandoni mwa barabara kwa bei ambayo haifiki thamani ya siku zake za kazi. Mtumishi wetu anaupita akiwa na zulia la nailoni begani. Katani ya mashamba ya Kilosa inafumwa mazulia, na wenye nyumba wa Ulaya wanayasifu siku hizi kuwa ndiyo mtindo, ati ni vitu vya asili. Siku mtindo huo utakaporudi kwetu kupitia simu, tutaukimbilia, na tutanunua zulia la katani lenye lebo ya kigeni. Kuna ushahidi kwamba mambo yanaweza kuwa vingine: tailizi tulizokuwa tukiziagiza zote kutoka nje sasa zinatengenezwa Mkuranga na Chalinze, na hakuna aliyekufa kwa aibu kwa kuzikanyaga.

Hatutaki mgambo wa mapazia. Yaliyotokea vituoni mwaka 1968 yasirudi kwa sura yoyote. Lakini yako mambo ambayo hayahitaji sheria wala bajeti mpya, na ambayo wasomaji wa ukurasa huu wana mamlaka nayo. Afisa ugavi wa halmashauri anaweza kuandika katika zabuni kwamba mbao ziwe zimekauka na kiti kiwe na dhamana ya miaka kumi. Kwa sentensi hiyo moja seremala wa Kihonda atapata sababu ya kuanika mninga. Mkuu wa shule anaweza kuacha kubadili sare ya shule yake kila anapoingia mkuu mpya. Mwalimu wa sayansi kimu anaweza kuwapeleka wanafunzi kwa msusi wa mikeka badala ya kuwachorea ubaoni sebule ya kitabuni. Kamati ya harusi, ambayo mwenyekiti wake kwa kawaida ni mtumishi wa umma, inaweza kuamua kwamba sare ni kanga, na kwamba aliyenayo ya mwaka juzi ni mgeni wa heshima kama mwingine.

Na Mei Mosi ijayo, wafanyakazi watakapopita mbele ya jukwaa wakiwa na fulana na kofia mpya zenye kaulimbiu ya mwaka, viongozi wa vyama vyao na watujibu hadharani, kabla bendi haijaanza kupiga: fulana hizo zimefumwa wapi, zimeshonwa na nani, na kwa nini zile za mwaka jana zimekwisha kuwa matambara ya kudekia?